Divai ya Shayiri na Barua Mbili za Nyumba Moja



Majuma sita yaliyopita nililetewa barua ya baba mmoja, karani kwa kazi yake na mkristo wa siku nyingi. Jina lake silitaji, wala parokia yake. Yaliyomo katika barua ameniruhusu mwenyewe kuyaandika. Mwana wake wa kwanza asoma Uingereza, na alipokuja likizo alimletea baba yake zawadi, imefungwa vizuri ndani ya nguo zake: chupa ndogo ya rangi ya kahawia, ya sentilita 33, yenye kizibo cha bati na karatasi ya maandishi ya dhahabu. Juu ya karatasi hiyo yameandikwa kwa Kiingereza maneno mawili ambayo maana yake ni «divai ya shayiri». Chini yake pana mwaka, na namba 11 pamoja na alama ya sehemu za mia.

Baba huyu auliza maswali matatu. La kwanza: kitu hiki ni divai au ni bia? La pili: kama ni divai, je, padri aweza kukitumia katika Misa Takatifu? La tatu: kinanywewaje? Kwa maana mwana alimwambia kwamba Waingereza hawakinywi kama bia nyingine, hukionja tu, polepole. Yeye na mkewe watatimiza mwaka huu miaka 25 ya ndoa, naye angependa kuifungua chupa siku hiyo mbele ya wageni.

Maswali mazuri haya. Nilikaa mezani nikaandika jibu refu, nami nikafurahi nalo. Nilikuwa karibu kulipeleka kwa wapiga chapa, ndipo ikafika barua ya pili, kutoka nyumba ileile, kwa mwandiko mwingine. Hiyo nitaieleza mahali pake. Kwanza someni jibu la barua ya kwanza, karibu kama nilivyoliandika siku ile.

Divai ya shayiri si divai. Ni bia. Divai hutoka katika tunda, na tunda lina sukari yake tayari. Zabibu ikisha kupondwa, chachu yaanza kazi mara moja. Nafaka haina sukari ya kutosha, ina wanga. Kwa hiyo sharti ilowekwe majini, ichipue, kisha ikaushwe, ndipo iitwe kimea. Na kimea kikitiwa katika maji ya moto, wanga wake hugeuka sukari. Mama zetu wanaotengeneza pombe ya mtama waijua kazi hiyo kuliko mimi niliyeisoma kitabuni.

Basi kwa nini Waingereza waliiita divai? Kwa sababu ya nguvu yake tu, na labda kwa majivuno kidogo. Bia ya kila siku ina sehemu 4 au 5 za kileo katika mia. Divai ya zabibu ina 11, 12, hata 14. Bia hii yafika 8, 10, hata 12, yaani yasimama bega kwa bega na divai. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Bass, katika mji wa Burton upon Trent, ilikuwa ikiuza bia yake kali, iliyoitwa No. 1, kwa jina hilo la divai ya shayiri, na wengine wakafuata. Huko Marekani watengenezaji huandika juu ya chupa maneno marefu zaidi, «bia ya namna ya divai ya shayiri», kwa kuwa sheria yao haitaki mnunuzi adanganywe na neno divai. Naona sheria hiyo ni ya busara, nanyi mtaona baadaye kwa nini nasema hivyo.

Juu ya Misa Takatifu, jibu ni fupi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, yataka divai ya asili, iliyotoka katika mzabibu, isiyoharibika. Padri akiweka bia katika kalisi, iwe nzuri namna gani, hakuna Sakramenti. Jambo la namna hiyo si geni. Mwaka 1241 Askofu Mkuu wa Nidaros, katika nchi ya Norvejia, alimwandikia Papa Gregori IX kwamba watoto wengine walikuwa wamebatizwa kwa bia, kwa sababu ya uhaba wa maji. Papa akajibu kwamba hao hawakubatizwa, maana Bwana wetu alisema maji. Hata hivyo msidhani kwamba Kanisa huichukia bia. Katika kitabu cha Rituale Romanum imo sala ya kubariki bia, karibu na sala za kubariki mkate na vyakula vingine.

Sasa yafaa mjue jinsi inavyotengenezwa, kwa sababu asiyeijua kazi yake hawezi kuionja sawasawa.

Zamani katika nyumba kubwa za Uingereza mtengeneza bia alichukua rundo moja la kimea akalimwagia maji ya moto mara mbili au tatu. Maji ya kwanza yalitoka mazito na matamu kama uji wa sukari. Hayo yakawa bia kali ya bwana wa nyumba. Maji ya pili yakawa bia ya kawaida. Maji ya tatu yalikuwa mepesi sana, yakawa kinywaji cha watumishi na watoto. (Kwa watoto wetu yatosha maji yaliyochemshwa, asante.) Divai ya shayiri ni mtoto wa yale maji ya kwanza. Huchemshwa saa mbili au tatu, mpaka yapungue na kuiva na kuwa na rangi ya shaba au ya kahawia. Ndani yake hutiwa maua ya hopi, mmea utambaao juu ya miti kama maharagwe. Maua hayo ni machungu, nayo huilinda bia isiharibike. Kisha hutiwa chachu.

Hapo pana jambo la kuangalia. Chachu hula sukari ikatoa kileo. Lakini kileo kikizidi, chachu yenyewe huchoka. Sukari nyingine hubaki bila kuliwa. Ndiyo sababu bia hii ni kali na tamu pamoja, na ndiyo sababu ni ya hila: utamu waufunika ukali wake kama asali juu ya dawa. Bia ya kawaida huwa tayari baada ya majuma machache. Hii hukaa miezi, pengine mwaka, na hata ikisha kutiwa katika chupa haijamaliza safari yake.

Jina lenyewe ni la kale kuliko Waingereza. Xenophon, askari na mwandishi wa Kiyunani, alipita katika vijiji vya Armenia pamoja na jeshi lake wakati wa baridi, yapata miaka 400 kabla ya Kristo. Katika kitabu chake Anabasis asimulia kwamba huko waliona vyungu vya divai ya shayiri, na punje zenyewe zikielea juu, na katika vyungu hivyo mianzi mikubwa na midogo isiyokuwa na vifundo, ambayo kila mwenye kiu aliitia kinywani akanyonya. Asema ilikuwa kali sana isipochanganywa na maji, ila yule aliyeizoea aliiona nzuri. Tulisoma habari hiyo seminarini, na darasa zima likacheka kwa furaha, kwa maana wengi wetu tulikuwa tumewaona wazee wetu wakikaa kuzunguka chungu kimoja cha pombe ya mtama, kila mtu na mrija wake. Mwalimu wetu alidhani twamcheka Xenophon!

Desturi moja ya Uingereza yanipendeza zaidi ya zote. Katika nyumba za matajiri wa karne ya 18, mwana wa kiume alipozaliwa ilitengenezwa bia kali sana, ikatiwa katika pipa, pipa likafungwa. Halikufunguliwa mpaka mwana huyo atimize miaka 21. Siku hiyo jamaa na wapangaji na watumishi walikunywa bia yenye umri sawa na kijana. Fikirini uvumilivu huo! Kadhalika mwaka 1968, katika mji wa Dorchester, kiwanda cha Eldridge Pope kilitengeneza bia ya kumkumbuka Thomas Hardy, mwandishi wa riwaya aliyefariki mwaka 1928, ambaye katika riwaya yake ya mwaka 1880 alikuwa ameisifu bia kali ya mji huo. Chupa zake ziliandikwa mwaka, na wanunuzi waliambiwa kwamba zikihifadhiwa vema zaweza kuendelea kukomaa miaka 25. Kiwanda hicho kiliiacha kazi hiyo mwaka 1999, wengine wakaichukua.

Yawezekanaje bia kukaa hivyo, na sisi twajua kwamba kasiksi ya juma lililopita ni siki? Kileo kingi na uchungu wa hopi huwazuia wadudu wadogo wanaoleta uchachu. Hewa kidogo iliyobaki chupani hufanya kazi polepole sana. Uchungu wapungua mwaka baada ya mwaka. Ukali unaounguza koo watulia. Na harufu mpya zazaliwa, za tende, za karanga, za mbao za kale. Bia nyepesi ikipata hewa hiyohiyo huwa na ladha ya karatasi iliyolowa maji. Walakini nisiwadanganye: si kila divai ya shayiri yazeeka vema, kama vile si kila mzee ana hekima. Ile ambayo ilikuwa mbaya siku ya kuzaliwa itakuwa mbaya na tena chakavu.

Nafika sasa kwenye swali la tatu, na hapa sina budi kukiri kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita padri mmoja mzee, aliyekuwa amerudi kutoka likizo Ulaya, alinialika jioni. Alikuwa na chupa mbili za bia hii. Ilikuwa siku ya jua kali na vumbi, nami nilikuwa nimetembea mwendo mrefu. Alinipa moja, nikaomba bilauri kubwa na barafu, nikainywa yote kwa mikupuo mitatu. Padri alinitazama akasema: «Mwalimu, wakunywa kama mtu anayezima moto.» Nikacheka. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha nyingi, nikakaa kusahihisha madaftari 41 ya imla. Kesho yake msichana mmoja akaja mezani kwangu bila kusema neno, akaweka daftari lake wazi. Hakuwa na kosa hata moja, nami nilimpa 6 juu ya 10. Na jirani yake, ambaye ukurasa wake ulikuwa kama shamba lililopitiwa na nguruwe, nilimpa 9. Ilinibidi kuyakusanya yote 41 mbele ya darasa na kuanza upya. Sikuwa nimelewa, hivyo nilivyojiambia; lakini madaftari yalisema vingine.

Chupa ya pili padri aliiweka mwaka mzima, kisha akaniita tena. Mara hii alinifundisha.

Siku moja kabla, aliisimamisha chupa mahali palipotulia, ili mashapo ya chachu yashuke chini. Hakuitia katika barafu. Ilikuwa na ubaridi wa maji ya mtungi tu, yapata digrii 12 au 14, kwa sababu baridi kali huufisha ulimi, na mtu hapati ila utamu na moto. Alichukua bilauri mbili ndogo zenye kinywa chembamba, akazisuuza mara mbili, maana harufu ya sabuni na mafuta huiua bia. Akamimina polepole kwa mkono mmoja, bila kuitikisa chupa, mpaka theluthi ya bilauri, akaacha mashapo chupani.

«Usinywe bado,» akaniambia. «Tazama.» Nikainua bilauri mbele ya taa. Rangi yake ilikuwa ya shaba iliyosuguliwa, na ukingoni nyekundu kidogo. Povu lilikuwa jembamba, likatoweka upesi. Asema si kosa, kileo kingi hulishusha. Nilipoizungusha, bia ilipanda ubavuni mwa kioo ikashuka polepole kama mafuta.

«Sasa nusa, kinywa kikiwa kimefungwa.» Kwanza nilipata sukari guru inayochemka. Baada yake, zabibu kavu. Nikaishika bilauri katika kiganja mpaka ipate joto la mkono, nikanusa tena: ganda la mkate uliotoka tanuruni, na ganda la chungwa, na nyuma yake kitu nilichokifahamu lakini sikuweza kukitaja. Padri akanyamaza akiningojea. Mwishowe nikakumbuka: ilikuwa ile harufu ya kabati la sakristia, niliyoijua tangu nilipokuwa mtumishi wa altare. Harufu ya divai ya Misa. Basi nikaelewa kwamba wale walioipa jina hilo hawakusema uongo mtupu.

Ndipo nikaonja, kiasi cha kijiko kimoja. Waache ulimi wote uipate, usimeze haraka. Utamu waja kwanza, mzito; kisha joto lashuka kifuani; na mwisho kabisa uchungu, ambao wausafisha ulimi ili usichoke na utamu. Hayo matatu yakishikana bila moja kuyapiga mengine, bia ni njema. Utamu ukibaki peke yake mdomoni kama shira, ni mbaya. Zile za Marekani zina tabia nyingine: ile iitwayo Bigfoot, ambayo kiwanda cha Sierra Nevada huko California kilianza kuitengeneza mwaka 1983, ina uchungu mwingi wa hopi na harufu ya utomvu wa msonobari. Ya Waingereza ni ya kimea zaidi, yaani ya mkate na matunda makavu. Kila watu na ulimi wao.

Tulikula nayo kipande kidogo cha jibini ya Masisi, na chumvi ya jibini ikauamsha utamu. Bilauri hiyo moja ilituchukua saa nzima. Na jambo la ajabu ni kwamba sikutamani nyingine. Mwenye kunywa kwa mikupuo hapati kitu, ndiyo maana ataka tena.

Wanafunzi wa darasa la sita wachukue sasa kalamu. Chupa kubwa ya bia yetu ya kawaida ina sentilita 72, na nguvu yake tuseme ni 5 kwa mia. Zidisheni: kileo chenyewe ni sentilita 3.6. Chupa ndogo ya baba huyu ina sentilita 33 kwa nguvu ya 11. Zidisheni tena: 3.63. Kumbe chupa ndogo inayoweza kujificha katika mfuko wa koti imebeba kileo cha chupa kubwa nzima, na zaidi kidogo! Anayeimaliza peke yake na kusema «nimekunywa kidogo tu» asema uongo wa hesabu. Ikigawanywa kwa watu sita, kila mmoja apata sentilita 5 na nusu, kama vijiko vinne vya mezani. Hicho ndicho kipimo nilichotaka kumshauri baba kwa siku ya yubile yake.

Hapo ndipo jibu langu lilipokwisha, na hapo ikaja barua ya mama. Naweka maneno yake kama yalivyo, nimeondoa tu yale ambayo yangeweza kuonyesha mahali pao.

«Bwana Mwalimu, mume wangu ajua kwamba nakuandikia, nimemwambia. Miaka sita iliyopita mshahara wake ulikuwa ukiishia njiani. Mwana wetu wa pili alirudishwa kutoka shule mara mbili katika mwaka mmoja. Siku ya Moyo Mtakatifu mume wangu alipiga magoti mbele ya paroko, akamwahidi Mungu kwamba hatakunywa tena bia, wala kasiksi, wala kanyanga. Ameshika neno lake. Divai haikutajwa siku ile, kwa sababu nani ana divai kwetu? Sasa mwana wetu ameleta chupa hii, kwa moyo mwema. Aliona jina la divai akadhani si bia. Kila jioni baba yao aitoa kabatini, aisoma, airudisha. Mimi siogopi chupa moja. Naogopa jina hilo.»

Niliisoma mara tatu, kisha nikaichukua tena barua ya kwanza. Kurasa mbili nzuri, na hakuna neno hata moja juu ya ahadi. Na swali la kwanza, ambalo nililijibu kwa furaha kama mwalimu anayeulizwa habari za mimea: «ni divai au ni bia?» Sasa nafahamu alikuwa akiuliza nini.

Baba, sikushutumu. Mtu anayeishika chupa kila jioni na kuirudisha, kisha akaandika kuuliza kabla ya kuifungua, si mtu dhaifu. Wengine wangeifungua kwanza na kutafuta neno la kujitetea baadaye. Lakini umeniuliza, nami nakujibu tena jibu lilelile, mara hii nikijua uzito wake: ni bia. Ni bia kuliko bia zote, maana imetoka katika maji ya kwanza ya kimea. Na hata kama ingekuwa divai kamili ya zabibu, ahadi hupimwa kwa nia ya yule aliyeahidi. Siku ile ulipopiga magoti hukuwa ukimwahidi Mungu orodha ya majina. Ulikuwa ukimrudishia mkeo mshahara, na mwanao shule.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa yake, ajiuliza kama kunywa divai ni dhambi. Ajibu kwamba si dhambi kwa yenyewe. Kisha ataja yale yanayoweza kuifanya isiwe halali: kwanza hali ya mnywaji, ikiwa ni mtu ambaye divai humdhuru upesi, au amejifunga kwa nadhiri, halafu kupita kiasi, halafu kuwakwaza wengine. Mimi katika jibu langu la kwanza nilihesabu kiasi tu, sentilita kwa sentilita, nikasahau kwamba Mtakatifu Tomaso alimtaja mnywaji kwanza. Vijiko vinne ni kidogo kwangu. Kwako wewe huenda si kidogo, wala hakuna bilauri nyembamba itakayobadili jambo hilo. Sanaa hii yote ya kutazama na kunusa niliyoieleza ni njema kwa mtu ambaye, akiisha kuonja, aweza kuweka chini.

Kama ahadi yako ilikuwa nadhiri ya kweli, na kama waona imekuwa nzito mno, mwenye uwezo juu ya jambo hilo ni paroko wako, si mwandishi wa gazeti. Sheria ya Kanisa yampa paroko ruhusa ya kuiondoa nadhiri ya mtu binafsi kwa sababu ya haki. Nenda kwake, lakini mweleze habari yote, pamoja na miaka sita. Na kabla ya kwenda, fikiri kidogo juu ya Matt Talbot, mfanyakazi wa Dublin. Alikuwa mlevi tangu utoto. Mwaka 1884 aliahidi kuacha kwa miezi mitatu tu. Miezi ilipokwisha akaahidi tena. Akashika mpaka kufa kwake mwaka 1925. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alikubali kwamba fadhila zake zilikuwa za kishujaa. Yeye pia alianza kwa kuhesabu, lakini alihesabu siku, si matone.

Mama, nawe nakujibu. Umesema kweli, na umesema mbele ya mumeo, si nyuma yake. Ila nakuomba usiimwage chupa hiyo shimoni. Mwana aliinunua kwa fedha ya mwanafunzi, naye akisikia imemwagwa atadhani kosa ni lake. Zaidi ya hayo, zawadi hii ina sifa moja ambayo zawadi nyingine za kunywa hazina: yaweza kungoja.

Basi siku ya yubile wekeni mezani maji ya mananasi na chai, na wageni watacheza vilevile. Chupa na itoke katika kabati lenu kabla ya siku hiyo. Mpelekeeni mjomba wa watoto, ikiwa ni mtu wa kiasi, aitunze kwa ajili ya mwana aliyeileta, kama Waingereza walivyolitunza pipa la mwana wao. Siku mwana huyo atakapofunga ndoa, hata ikiwa ni miaka kumi kutoka sasa, ataifungua yeye mwenyewe, na kuwamimina wakwe zake vijiko vinne vinne, na kuwaeleza habari za Xenophon akipenda. Baba atakaa mezani na bilauri yake ya maji.

Mjomba aisimamishe wima, asiilaze, ili bia isiguse kizibo. Iwe mahali pa giza, maana mwanga huiharibu bia na kuipa harufu mbaya, na mbali na jiko na bati la paa. Chumba cha matofali upande usiopigwa na jua chafaa. Aandike juu ya karatasi tarehe aliyoipokea na jina la mwana, aifunge shingoni mwa chupa kwa uzi. Na watoto wa nyumba waambiwe ni dawa ya ng'ombe.

Juma lijalo nitawajibu wanafunzi wanne walioniandikia juu ya rafiki anayeazima vitabu bila kuvirudisha.